Ubingwa wa Ndondi za Kulipwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nakuru, Kisumu na Magharibi ya Kenya

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo vijana, wazazi wao na mashabiki huyarudia kila panapoandaliwa pambano, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Siaya na Kakamega. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa kwa nambari ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Ndondi za kulipwa zinatofautianaje na ndondi za ridhaa?

Katika ndondi za ridhaa, ambazo hapa nchini husimamiwa na Shirikisho la Ndondi la Kenya (BFK), bondia huwakilisha klabu, kaunti, kikosi au taifa. Hupigana raundi tatu za dakika tatu akiwa amevaa fulana, na katika mashindano makubwa huenda akapanda ulingoni mara nne au tano katika muda wa wiki mbili. Anachowania ni medali.

Katika ndondi za kulipwa, bondia hupigana usiku mmoja dhidi ya mtu mmoja aliyekubaliwa kwa mkataba. Anayeanza hupewa raundi 4, kisha hupanda hadi 6, 8 na 10, na mapambano ya ubingwa wa dunia ya wanaume huwa ya raundi 12. Glavu huwa za aunsi 8 hadi uzani wa welter (kilo 66.7), na za aunsi 10 kuanzia hapo kwenda juu. Leseni na mapambano husimamiwa na Kamisheni ya Ndondi za Kulipwa ya Kenya (KPBC).

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, haionekani ulingoni. Bondia wa ridhaa akishindwa leo, mashindano mengine yako njiani na wachache watakumbuka. Bondia wa kulipwa akishindwa, matokeo hayo huingia katika rekodi ambayo promota yeyote duniani anaweza kuifungua kwenye simu yake, na bei ya bondia huyo hushuka siku iyo hiyo. Kwa hiyo kuchagua pambano ni kazi yenye uzito sawa na kupigana, na sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inatokana na jambo hili.

2. Mbona mabingwa wa dunia ni wengi? Bingwa halisi ni yupi?

Yapo mashirika manne yanayotambuliwa kwa upana kuwa ndiyo yenye mikanda mikuu: WBA, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1921 na jina lake la sasa ni la 1962, WBC, lililoanzishwa 1963, IBF, la 1983, na WBO, la 1988. Kila moja lina bingwa wake katika kila uzani, na kwa kuwa uzani wa kawaida ni 17, dunia inaweza kuwa na mabingwa 68 wa wanaume kwa wakati mmoja, bila kuhesabu mabingwa wa muda na wale ambao WBA huwaita wa kawaida wakiwa chini ya bingwa mkuu.

Anayeikusanya mikanda yote minne katika uzani mmoja ndiye huitwa bingwa asiyepingwa. Bernard Hopkins alikuwa wa kwanza kufanya hivyo, mwaka 2004 katika uzani wa kati. Oleksandr Usyk alifanya hivyo katika uzani wa juu zaidi alipomshinda Tyson Fury mnamo Mei 2024.

Nje ya mashirika hayo manne kuna mengine mengi, na hapa ndipo mashabiki wetu hupotoshwa. Bango la barabarani huandika "bingwa wa dunia" kwa herufi kubwa na jina la shirika kwa herufi ndogo, au lisiandikwe kabisa. Mkanda wa shirika dogo si wa bandia: mtu amepigana, ametoa jasho na ameshinda. Lakini thamani yake hutegemea orodha ya wapinzani waliokuwa wakiuwania. Mtu akikuambia kwamba fulani ni bingwa, swali la kumuuliza ni moja: bingwa wa shirika gani, na alimshinda nani?

3. Uzani uko mingapi, na kijana wa kawaida wa kwetu huangukia wapi?

Uzani wa chini kabisa mwisho wake ni kilo 47.6, na ule wa juu zaidi huanza baada ya kilo 90.7 bila kikomo. Katikati kuna uzani wa fly (50.8), bantam (53.5), unyoya (57.2), mwepesi (61.2), welter (66.7) na wa kati (72.6), pamoja na ngazi nyingine zilizo baina ya hizo. Mabondia wa Kenya waliofika mbali wengi walitoka katika uzani wa chini na wa katikati, kuanzia fly hadi welter.

4. Majaji huhesabu vipi pointi?

Majaji huwa watatu, na kila mmoja hutoa alama zake peke yake. Aliyeshinda raundi hupewa 10 na mpinzani wake 9. Aliyeangushwa mara moja kwa kawaida hupewa 8. Kinachotazamwa ni makonde safi yaliyofika, ushambuliaji wenye matokeo, ulinzi, na nani anayeuongoza mwendo wa pambano. Ngumi iliyopokewa na glavu za mpinzani haihesabiwi hata kama ukumbi mzima umesimama ukipiga kelele, na malalamiko mengi ya "tumeibiwa" huzaliwa papo hapo.

## Kuanza safari

5. Kijana aliye Nakuru au Kisumu aanzie wapi?

Aanzie katika klabu ya ridhaa iliyo karibu naye, na akae humo kwa miaka. Nakuru ina urithi ambao miji mingi barani haina: klabu yake ya ridhaa, inayofanya mazoezi katika ukumbi ambao wenyeji huuita Madison Square Garden, ndiyo inayohusishwa na Philip Waruinge, aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 na ya fedha mjini Munich mwaka 1972, zote katika uzani wa unyoya. Mwaka huo wa 1968 alitunukiwa pia Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika Olimpiki nzima. Aliwapita waliotwaa dhahabu, jambo ambalo wazee wa Nakuru hawachoki kulitaja, na wana haki.

Kisumu nako kumbi za kijamii na mitaa kama Kondele, Manyatta na Nyalenda zimekuza mabondia kwa muda mrefu. Hali ya hewa ya miji hii miwili inatofautiana, na kocha mwangalifu hulizingatia hilo. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mbio za kupanda kuelekea Menengai hujenga pumzi vizuri. Kisumu iko takriban mita 1,130, joto lake ni kali, na mbio huko hufanywa alfajiri kabla jua halijachomoza.

Klabu nzuri haipimwi kwa wingi wa vifaa. Tazama kama kocha humzuia anayeanza asipigane kwa mazoezi na mtu mzito au mzoefu kumzidi, kama kinga ya meno ni lazima kwa kila mtu, na kama aliyepigwa kichwani akayumba hupumzishwa au huambiwa "jikaze". Klabu ya namna hiyo ya pili mwondoe mwanao.

6. Ni lazima nijiunge na polisi, jeshi au magereza?

Si lazima, lakini usiidharau njia hiyo. Timu ya polisi, inayojulikana kwa jina la Chafua Chafua, pamoja na za jeshi na magereza, huwapa mabondia ajira, mshahara na muda wa mazoezi. Bondia anayejua atakula nini mwezi ujao hakubali pambano baya kwa sababu ya njaa. Kasoro yake ni kwamba mwajiri ana ratiba yake, na ruhusa ya kwenda kupigana kwa malipo huenda ikachelewa au isitolewe.

7. Ni wakati gani mzuri wa kuhamia ndondi za kulipwa? Medali ya Olimpiki si inatosha?

Medali hufungua mlango, lakini kinachofuata ni kazi nyingine kabisa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Robert Wangila. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali na kutwaa dhahabu ya uzani wa welter, ambayo hadi leo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya katika ndondi za Olimpiki. Wote wawili wakaingia katika ndondi za kulipwa. Boudouani, aliyepigwa, ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA katika miaka ya 1990. Wangila hakuwahi kuuvaa mkanda huo.

Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade mwaka 1978, akahamia kwenye malipo, na mwaka 1983 akapata nafasi ya kuwania mkanda wa WBA wa uzani wa fly mjini Copenhagen dhidi ya Santos Laciar wa Argentina. Alisimamishwa katika raundi ya tisa. Waruinge naye alihamia Japani, akapigana kwa jina la Waruinge Nakayama, na mwaka 1976 akaenda Panama kuwania mkanda mpya wa WBC dhidi ya Rigoberto Riasco, mwenyeji. Alishindwa kabla ya raundi kwisha.

Ukiisoma mifano hiyo mitatu pamoja, utaona kwamba kipaji hakikuwa tatizo. Muchoki na Waruinge walipata nafasi moja kubwa, ugenini, katika uzani uliojaa miamba. Bondia wa Ulaya au Marekani akishindwa mara ya kwanza, promota wake humjenga upya na kumrudisha baada ya mwaka mmoja au miwili. Wa kwetu hana promota wa namna hiyo. Kwa hiyo jibu ni hili: hama ukiwa na ufundi uliokomaa na mtu wa kukusimamia, hata kama medali imechelewa. Kuhama ukiwa na medali bila msimamizi ni kuanza upya ukiwa peke yako.

8. Leseni inahitaji nini?

Inahitaji umri wa miaka 18 au zaidi, vitambulisho, na vipimo vya afya: damu kwa ajili ya virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya B na C, macho, moyo, na picha ya ubongo pale inapotakiwa. Bondia ajiwekee nakala za vipimo hivyo, kwa sababu kila nchi atakayokwenda kupigana itaviomba.

9. Kwa nini mtu wa kona ya mpinzani huja kututazama tukifunga bandeji?

Ana haki hiyo, na wewe unayo ya kumpeleka mtu wako upande wa pili. Bandeji ikifungwa vibaya humpa bondia silaha. Shughuli yenyewe huenda hivi: bondia huketi amegeuza kiti na kuegemeza mkono juu ya mgongo wa kiti, vidole vimetanuliwa. Kocha huanza na kifundo, hupanda hadi kiganjani, hupitisha kitambaa kati ya kidole na kidole, kisha hukunja pedi laini juu ya mifupa ya ngumi. Plasta hufuata ili kushikilia kazi hiyo, lakini kwa sheria za mahali pengi haifuniki sehemu inayopiga. Kila baada ya mizunguko michache bondia huambiwa akunje ngumi ili kuhakikisha damu inapita.

Kazi ikikamilika, msimamizi wa kamisheni huibonyeza kwa kidole gumba na kutia sahihi kwa kalamu ya wino juu ya bandeji yenyewe. Glavu zikishavishwa, nazo hufungwa kwa plasta na kutiwa sahihi. Bandeji ikifunguliwa baada ya hapo, kazi yote huanza upya mbele ya mashahidi.

## Kupanda ngazi

10. Njia ya kawaida kuelekea mkanda wa dunia ni ipi?

Kwanza ni mapambano ya raundi 4 na 6, kisha ubingwa wa taifa. Baada ya hapo kuna mikanda ya Afrika, kama ule wa Muungano wa Ndondi wa Afrika (ABU) ulio chini ya mwavuli wa WBC, na ule wa Jumuiya ya Madola. Mikanda hiyo ndiyo humwingiza bondia katika orodha ya dunia ya shirika husika, na kwa kawaida anayewania ubingwa lazima awe miongoni mwa 15 bora. Aliyefika kileleni mwa orodha huweza kutangazwa kuwa mpinzani wa lazima, na hapo bingwa hana budi kukutana naye.

Bingwa wa zamani wa WBC Fatuma Zarika ni ushahidi kwamba njia hiyo hupitika, ingawa ni ndefu. Baada ya miaka mingi ya mapambano yasiyo na kamera alisafiri hadi Flint, Michigan, mwaka 2016 na kumshinda Alicia Ashley kwa uamuzi wa majaji waliogawanyika, akatwaa mkanda wa WBC wa uzani wa bantam ya juu. Aliutetea Nairobi mbele ya mashabiki wake, na akaupoteza mwaka 2019 nchini Mexico kwa Yamileth Mercado.

11. Kuna bondia wa mtaani kwetu hajawahi kushindwa. Mbona haitwi kuwania ubingwa?

Sababu huwa mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni kwamba aliowashinda hawajulikani. Rekodi ya ushindi 15 dhidi ya watu ambao wenyewe wamepoteza mara 20 haimpandishi mtu katika orodha yoyote. Ya pili ni ya uchungu zaidi: ni hatari sana na hana soko. Bingwa akimpiga hapati sifa, akipigwa naye hupoteza kila kitu, kwa hiyo meneja wa bingwa humkwepa kwa heshima zote. Dawa pekee ya hali hii ya pili ni kuwa mpinzani wa lazima, kama ilivyoelezwa katika swali la 10.

12. Nimepigiwa simu kwamba kuna pambano nje ya nchi wiki ijayo. Niende?

Uliza kwanza kwa nini wamekupigia wewe, na kwa nini sasa. Mara nyingi promota wa nje ana kijana wake anayemjenga, aliyepaswa kupigana naye amejiondoa, na anatafutwa mtu mwenye leseni, mwenye uzani unaokaribiana, atakayekubali bila maswali. Nauli ni yao, ulingo ni wao, na mara nyingi majaji pia. Hayo hayamaanishi kwamba huwezi kushinda, ila unahitaji kushinda waziwazi.

Kabla ya kukubali, pata mkataba ulioandikwa wenye kiasi cha malipo, sarafu yake, siku ya kulipwa, uzani uliokubaliwa, idadi ya raundi, na nani anayelipa nauli ya kurudi na hospitali. Pata pia barua ya idhini kutoka KPBC. Hili wengi huliruka hasa wanapokwenda Tanzania kwa basi, kwa kuwa mpaka uko karibu na safari inaonekana ndogo. Bondia aliyevuka bila barua akaumia hana wa kumsemea.

Ukiwa na chini ya wiki tatu na hukuwa katika mazoezi kamili, kataa. Najua ni rahisi kuandika na ni vigumu kutenda wakati kodi ya nyumba imefika, lakini pesa za pambano moja la ghafla huwa ndogo kuliko bei ya rekodi iliyochafuka.

13. Je, safari ya mwanamke ni tofauti?

Sheria chache hutofautiana. Mapambano ya ubingwa wa dunia ya wanawake kwa kawaida huwa ya raundi 10 za dakika mbili. Suala hilo linabishaniwa: Amanda Serrano alipigana raundi 12 za dakika tatu mwaka 2023, na kwa kuwa WBC halikubali muda huo kwa wanawake, aliuachia mkanda wa shirika hilo.

Upande wa magharibi, jina lililowafungulia wengine njia ni Conjestina Achieng wa Siaya, ambaye miaka ya 2000 aliifanya nchi nzima ikeshe kutazama ndondi za wanawake. Idadi ya wapinzani katika kila uzani ni ndogo kuliko kwa wanaume. Hilo humfikisha bondia mzuri kwenye pambano la ubingwa mapema, lakini pia humfanya akae miezi mingi bila pambano lolote.

## Pesa na mikataba

14. Meneja, promota na kocha: nani hufanya nini?

Promota huandaa onyesho, hukodi ukumbi, huuza tiketi na hulipa mabondia. Meneja humwakilisha bondia na kazi yake ni kumbana promota atoe zaidi. Kocha hufundisha na hukaa konani. Mtu mmoja akiwa promota na meneja wako kwa pamoja, anajadiliana na nafsi yake kuhusu pesa zako. Nchi kadhaa zimekataza jambo hilo, na hata pale lisipokatazwa ni busara kulikwepa.

15. Bondia akitangaziwa shilingi 200,000, hubaki na ngapi?

Tuchukue viwango vilivyozoeleka kimataifa. Meneja huchukua hadi theluthi moja, yaani kama shilingi 66,667. Kocha huchukua asilimia 10, yaani 20,000. Pambano likiwa la mkanda, shirika hudai ada ambayo mara nyingi ni kama asilimia 3, yaani 6,000. Zinabaki 107,333 kabla ya kodi, vipimo vya afya, chakula cha wiki nane za mazoezi na nauli za kwenda ukumbini kila siku.

Fedha hizo zigawanywe kwa miezi ambayo bondia hakupigana. Anayepanda ulingoni mara tatu kwa mwaka kwa malipo hayo anaishi kwa takriban shilingi 27,000 kwa mwezi, na hapo bado hajatoa gharama zilizotajwa. Asilimia zisomwe kabla ya kutia sahihi, na isomwe pia ibara ya muda: mkataba wa miaka mitano unaojirefusha wenyewe bondia akishinda ubingwa humfunga wakati ule ule anapoanza kuwa na thamani.

16. Bingwa hulipwa mshahara na shirika lake?

Hapana. Shirika ndilo linalolipwa na bingwa. Tazama swali la 15.

## Mwili na afya

17. Kupunguza uzani kabla ya kupimwa kuna madhara gani?

Uzani hupimwa siku moja kabla ya pambano, na desturi ni bondia kupunguza mafuta polepole kwa wiki kadhaa, kisha kupoteza maji katika siku za mwisho. Sehemu ya kwanza haina ubaya: ugali wa usiku hupungua, mboga na samaki huongezeka, sukari na soda huondoka. Sehemu ya pili ndiyo yenye hatari. Anayekimbia ndani ya mifuko ya plastiki kwenye joto la Kisumu bila kunywa maji anaweza kuharibu figo au kuzirai, na mwili uliokauka haupati nafuu kamili katika saa 24, kwa hiyo huyapokea makonde ukiwa dhaifu. Bondia anayelazimika kukausha kilo tano za maji kila mara yuko katika uzani usio wake.

18. Baada ya kuangushwa kwa nokauti, ni lini mtu anaweza kupigana tena?

Kamisheni huweka muda wa kupumzika wa lazima, ambao mara nyingi ni kati ya siku 30 na 90, na daktari anaweza kuurefusha. Marufuku hiyo inahusu pia kupigana kwa mazoezi. Bondia asiyepanda ulingoni lakini anayepokea makonde ya kichwa kila jioni ukumbini hajapumzika. Maumivu ya kichwa yasiyoisha, kutapika, usingizi usio wa kawaida au maneno kukwama ni sababu za kwenda hospitali usiku huo huo.

19. Ni kweli ndondi huua?

Ni kweli. Robert Wangila alipigana na David Gonzalez mjini Las Vegas tarehe 22 Julai 1994. Refa alisimamisha pambano katika raundi ya tisa, na Wangila alilalamika kwamba bado angeweza kuendelea. Alizirai akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo, na akafariki kutokana na jeraha la ubongo siku mbili baada ya pambano. Alikuwa na miaka 26. Mashabiki wanaomzomea refa anaposimamisha pambano "mapema" wamkumbuke.

Kifo kingine, cha Duk Koo Kim wa Korea Kusini baada ya kupigana na Ray Mancini mwaka 1982, ndicho kilichoifanya WBC ipunguze mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na mashirika mengine yakafuata.

20. Vipi kuhusu madhara yanayochelewa?

Tangu mwaka 1928, daktari Harrison Martland wa Marekani alipoeleza hali ya mabondia wanaoyumba na kupoteza kumbukumbu, imejulikana kwamba makonde mengi ya kawaida kwa miaka mingi huweza kudhuru ubongo kuliko nokauti moja. Dalili huja polepole na familia ndiyo huziona kwanza.

Si kila shida ya bondia mstaafu hutokana na ngumi. Conjestina Achieng alipitia matatizo ya afya ya akili yaliyojulikana nchini kote, na hakuna sababu ya mtu asiye daktari wake kubuni chanzo. Lililo wazi ni kwamba msaada ulitoka kwa wahisani na michango ya umma, kwa kuwa hapakuwa na mfuko wowote wa kudumu wa kuwatunza mabingwa. Kijana anayeanza ajiandikishe katika bima ya afya ya taifa akiwa bado mzima.

## Hali zisizo za kawaida

21. Bingwa akizidi uzani inakuwaje?

Hupoteza mkanda pale pale kwenye mizani, kabla ya ngumi ya kwanza. Pambano linaweza kuendelea wakikubaliana, kwa kawaida baada ya kumlipa mpinzani sehemu ya fedha zake. Mpinzani aliyetimiza uzani akishinda hutwaa mkanda, ila aliyezidi akishinda, mkanda hubaki wazi. Kama aliyezidi ni mpinzani, hawezi kuwa bingwa usiku huo hata akishinda.

22. Bingwa anaweza kuvuliwa mkanda bila kushindwa?

Ndiyo, kwa kukataa kukutana na mpinzani wa lazima, kwa kukaa muda mrefu bila kuutetea, kwa kutolipa ada, au kwa kupatikana na dawa zilizopigwa marufuku. Mabingwa wasiopingwa hupatwa na jambo hili mara kwa mara, kwa kuwa mashirika manne hudai wapinzani wanne tofauti na mtu hana miili minne.

23. Bondia wa kulipwa anaweza kurudi kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki?

Mlango huo ulifunguliwa kabla ya michezo ya Rio mwaka 2016. Hata hivyo lazima apite katika mchujo wa taifa kama wengine wote, na mwendo wa raundi tatu haumsamehe aliyezoea kuanza polepole.

24. Vichwa vikigongana kwa bahati mbaya na pambano la ubingwa likasimamishwa, nani hushinda?

Kwa sheria zinazotumika mahali pengi, kama raundi nne hazijakamilika hakuna mshindi na bingwa hubaki na mkanda. Zikiwa zimekamilika, alama za majaji hujumlishwa pamoja na za raundi iliyokatizwa, na anayeongoza hushinda. Wakilingana ni sare, na sare humwachia bingwa mkanda.

Lakini kama refa aliona jeraha limesababishwa na ngumi, aliyejeruhiwa amesimamishwa kwa nokauti ya kiufundi na ameshindwa, hata kama alikuwa mbele kwa pointi. Kwa hiyo kocha mzoefu, damu inapoonekana, humtazama refa kabla ya kulitazama jeraha, ili ajue ni ishara gani majaji na meza ya kamisheni wamepewa, maana uamuzi huo ukishaandikwa huwa vigumu mno kuubadilisha usiku huo.